Pembe Nne

Ubao wetu wa Kidato cha Pili, hapa Makorora,
una ufa unaoshuka kutoka kwenye tarehe
hadi pale kiganja changu kinapofuta.
Jumanne ile niliujaza wote, ufa na vyote:
mraba, na ndani ya mraba mraba mwingine umekaa kishemasheni,
kila pembe yake imegusa katikati ya ubavu wa mwenzake.
Tafuta eneo la ule wa ndani.
Mistari kumi na mmoja. Kipeuo cha pili. Chaki mbili.
Nikageuka na vumbi kwenye nyusi
kama mtu aliyetoka kupakua saruji ya Pongwe,
nikasubiri wastaajabu.

Mwajabu Semhando akanyoosha kidole.
"Ni nusu, mwalimu."
Nusu ya nini?
"Ya ule mkubwa. Inaonekana."

Inaonekana!
Mimi niliyesomea miaka mitatu,
niliyerudi Tanga na cheti nikakitundika
juu zaidi ya picha ya marehemu baba,
niambiwe inaonekana
na mtoto aliyevaa viatu vya kaka yake.
Nikamwambia, onyesha njia.
Akasema hana njia, ana karatasi.
Akaja akaiweka mezani, tupu, mraba, haina hata nukta.
Darasa likacheka, na mimi, Mungu anisamehe,
ndiye niliyeanza.
Nikampa sifuri, nikaikoleza mara mbili.

Usiku umeme ulikatika mtaa mzima.
Nilikuwa na mshumaa, na madaftari ya kusahihisha,
na ile karatasi, sijui kwa nini sikuitupa.
Nikakunja pembe moja, ikaja kati.
Ya pili. Ya tatu.
Ya nne ilipolala zikakutana zote,
hazikupandana, hazikuacha mwanya,
kama mikono ya ndugu kwenye sinia moja.
Zimeufunika mraba wa ndani, kamili.
Basi kilicho nje ni sawa na kilicho ndani.
Basi nusu.
Nikakunjua, nikakunja tena,
nikitafuta kosa lake mpaka mshumaa ukalala.

Asubuhi nilipanda baiskeli kwenda kwao, Barabara ya Kumi na Nane.
Mama yake huuza ubuyu; watoto
hukunja vifuko kabla ya kwenda shule,
karatasi mia, pembe nne nne,
vidole vikijiendea, macho yako kwingine.
"Kavunja nini?" mama akauliza, akijifunga kanga upya.
Njiani nilikuwa nimepanga maneno marefu. Yakagoma.
Nikasema, "Nimekuja kusoma."
Akanitazama kama anavyotazamwa mlevi wa saa moja asubuhi,
kisha akanisogezea kigoda.

Kifuko changu cha kwanza kilivuja.
Cha pili Mwajabu alikikunjua bila neno,
akanishika kidole gumba, akakibonyeza kwenye mkunjo:
"Hapa, mwalimu. Usiilazimishe."

Wanasema kuuliza si ujinga.
Hawasemi kwamba kunachoma masikio.

Sifuri ile nimeifuta. Kwenye kitabu cha maksi
karatasi imekonda pale, ukiiinua mwanga unapita.
Nimeiacha ionekane.
Siku hizi kuna vipindi nampa chaki,
nakaa dawati la nyuma, magoti yamegota,
na jirani yangu Kaoneka ananong'ona, "Mwalimu, umeelewa?"
Mara nyingine naelewa.
Wivu bado upo, nisiwadanganye.
Huja kama mbu, naupiga kofi, naukosa,
najipiga mwenyewe shavuni.

Jana nikamuuliza, "Na ikiwa ni pembetatu?"
Akanyamaza. Akajikuna kichwa kwa kalamu.
"Sijui, mwalimu."
Akachana karatasi mbili,
moja akaiweka mbele yangu.